Bustani ya Kuombwa

Jumamosi iliyopita, kwenye saa tano asubuhi, jua limeshaanza kuuma, geti langu lilisukumwa akaingia mtoto wa nyumba ya kona, pekupeku, mkononi kashika bakuli la plastiki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama anasema umpe mchaichai, tuna mgeni."

Nikachukua kisu, nikainama kwenye kichaka cha mchaichai kilicho hatua tatu kutoka getini. Kabla sijamaliza kukata majani sita nilikuwa nimeshajua kwamba mgeni ni mjomba wake kutoka Dodoma, kwamba basi liliwaharibikia Dumila wakakaa njiani saa nne nzima, kwamba mjomba hali nyama, na kwamba mama mtu ana jino linamsumbua tangu Alhamisi ila hataki kwenda kuling'oa. Jioni nilivuka barabara kwenda kumwangalia mwenye jino. Bila mchaichai nisingejua kama anaumwa.

Niko Kihonda, Morogoro, mwaka wa tisa sasa tangu nistaafu. Kazi yangu ilikuwa ugani wa kilimo, na kwa miaka zaidi ya 30 nimeitwa bibi shamba, jina ambalo nchi hii humpa mtaalamu wa kilimo wa kike hata akiwa binti wa miaka 23 aliyetoka chuoni juzi. Nilikuwa nalichukia. Sasa nimekuwa bibi kweli, na shamba lenyewe ni uwanja wa nyumba wenye upana wa hatua 20 kwa 12.

Nilipokumbuka watu wote waliopita getini wiki ile, sikumwona hata mmoja aliyekuja kunijulia hali. Mmoja alitaka ndimu za kikohozi. Mwingine alitaka miche ya pilipili. Fundi wa jirani alikuja kuazima reki. Kila mmoja alikuja na shida yake, na hali yangu wakaijulia wote. Huo ndio msimamo wangu leo: kwa mtu wa umri wangu, zao kubwa la bustani ni sababu, yaani sababu ya mwenzio kubisha hodi bila kuona haya. Ukilikubali hilo, unaanza kupanga bustani tofauti kabisa na nilivyokuwa nafundisha kazini.

Wastaafu wengi wanaonipigia simu hawaulizi hilo. Wanauliza matikiti. Mtu amefikisha miaka 60, mafao yametoka (au yametoka nusunusu, na hapo mazungumzo yote yanageukia kikokotoo cha pensheni), na ameshapata ekari tano mahali ambako hana ndugu, mwendo wa saa tatu kutoka nyumbani. Kuna kijana aliyemchorea hesabu kwenye karatasi: ekari moja miche kadhaa, kila mche matunda mawili, kila tunda bei fulani. Karatasi haina inzi wa matunda, haina ukungu, haina pampu iliyoibwa usiku, wala ile wiki ambayo Morogoro nzima imevuna tikiti siku moja. Tunaita kilimo cha simu: shamba liko kule, wewe uko huku, katikati yupo mtu anayekwambia kila kitu kinakwenda vizuri. Nimeona mtu baada ya mtu akipoteza kiinua mgongo kwa msimu mmoja, na fedha ni nusu tu ya hasara. Nusu ya pili ni kwamba katika miezi yote ile ya kwenda na kurudi, mtaa anaoishi haukupata nafasi ya kumzoea. Amestaafu akiwa mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Hili la kuwa mgeni kwako halizungumzwi vya kutosha. Mfanyakazi wa serikali wa kizazi changu alihamishwa hamishwa: miaka minne Kilosa, sita Singida, mitatu Songea. Kiwanja alinunua mahali akiwa bado kazini, akajenga kidogo kidogo kwa kusimamia kwa mbali, na siku ya kuhamia ndiyo siku ya kwanza kulala mtaani pale. Marafiki zake wote walikuwa wa ofisini. Siku anakabidhi ofisi, anakabidhi na watu.

Huko Uholanzi kuna bustani za kukodi pembezoni mwa miji, vipande vidogo vimepangwa ubavu kwa ubavu, kila mtu na kipande chake na kibanda cha vifaa. Mwaka 2010 Agnes van den Berg na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watu 121 wenye vipande hivyo na majirani zao 63 wasio navyo. Kwa wenye umri chini ya miaka 62, afya zao hazikutofautiana. Kwa wenye miaka 62 na kuendelea, wakulima walikuwa afadhali kuliko majirani zao katika kila kipimo cha afya na raha ya maisha kilichotumika. Mimi ni mtu wa majaribio ya mashambani, kwa hiyo najua kasoro ya utafiti wa aina hii: huenda ni wenye afya ndio wanaoweza kulima, wala si kulima kulikowapa afya. Lakini tofauti ile ya umri inanifikirisha. Jembe ni lile lile na udongo ni ule ule. Kinachobadilika baada ya 60 ni kwamba mlango mwingine wa kukutana na watu, ule wa kazini, umefungwa.

Upande wa watu, ushahidi ni mzito zaidi. Mwaka huo huo wa 2010, Julianne Holt-Lunstad wa Marekani na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 50. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Kwetu tunapenda kusema upweke ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna ukoo. Mimi nasema nenda kwenye mitaa yetu mipya ya viwanja vilivyopimwa saa nane mchana, usikilize. Utasikia mbwa na jenereta.

Na kuta. Sina ugomvi na mtu anayejilinda, wezi wapo. Ila tumejenga kuta za tofali za futi nane, juu tumepanda vipande vya chupa, geti la chuma lisilo na tundu, halafu bustani tumeiweka nyuma ya nyumba kwenye karo la maji machafu, mahali ambapo hata mke wa mtu haendi ila kuanika. Bustani ya nyuma ya nyumba inaweza kukulisha, hilo sibishi. Lakini hakuna mpita njia atakayesimama kukuuliza, "Jirani, hiyo bamia yako unaipa nini?"

Wazee wetu walijua kupanga mipaka. Kule Kilimanjaro, Wachagga wana kihamba: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini zaidi, mifereji ikipita toka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, na nyumba katikati. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliuingiza mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kwenye urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011, na mimi niliwahi kupelekwa huko kikazi nikarudi na daftari limejaa. Lakini kilichonikaa kichwani ni mpaka. Kihamba na kihamba hutenganishwa kwa safu ya masale, mmea wa majani marefu ambao huwezi kuukosa. Na jani la sale hilo hilo ndilo mtu anayeomba radhi hulipeleka kwa aliyemkosea. Mwenye kulipokea hubanwa kusamehe. Fikiria: kinachoonyesha wapi pako na wapi pangu ndicho kinachotupatanisha tukigombana, na kiko palepale mpakani, umbali wa mkono. Jaribu kupeleka tofali kuomba msamaha.

Pwani nako jambo lilitatuliwa kwa kibaraza. Mji Mkongwe wa Zanzibar hauna nafasi ya bustani barabarani, lakini kila nyumba ya kujiheshimu ina benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nje, na mzee akishuka hapo alasiri amejiweka hadharani. Anayepita anamsalimu, anayetaka bao anakaa, kahawa inapita. Kasoro yake ni moja: kibaraza ni cha wanaume zaidi. Bustani haijali jinsia. Nimemwona mwalimu mstaafu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuongea na mama muuza vitumbua zaidi ya salamu, amechuchumaa naye kando ya tuta la mnavu wanabishana kama ule mweusi au ule wa njano ndio usio mchungu.

Sasa, mimea. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo utaalamu wangu ulipo na ndipo watu wanapokosea.

Kanuni niliyofundisha kazini ilikuwa panda kinachohifadhika: mahindi, maharage, alizeti, kitu utakachoweka ghalani ukisubiri bei. Kwa bustani ya uzeeni naigeuza juu chini. Panda kinachooza. Mahindi ukivuna gunia mbili utazifungia stoo na ufunguo utaweka mfukoni. Mchicha ukikomaa leo na wewe uko peke yako na mjukuu mmoja, huwezi kuumaliza na kesho umeshakomaa zaidi. Kati ya kuutupa na kumwita jirani, utamwita jirani. Mboga ya majani haikuruhusu kuwa bahili.

Mchicha basi ni wa kwanza. Wiki tatu hadi nne tangu kusia, umeanza kula, na ukikata juu badala ya kung'oa unachipua tena. Ila usisie kitalu chote siku moja, kosa la kila anayeanza. Sia mstari mmoja kila wiki, ili kila wiki kuwe na cha ziada kidogo. Ziada ndogo ya kila wiki huleta mtu kila wiki. Ziada kubwa ya mara moja huleta watu wengi siku moja, halafu kimya.

Matembele ni ya pili, na kwangu ndiyo mfalme. Hayahitaji mbegu ya dukani, yanapandwa kwa marando, yale mashina yanayotambaa. Kila unapoyapogoa unabaki na rundo la kutupa ambalo kwa mwingine ni shamba jipya. Marando ya uwanjani kwangu yameshafika nyumba saba ninazozijua. Mahali penye kiangazi kama hapa, matembele ya mtu mmoja hukauka Septemba na ya mwenzie aliye bondeni au mwenye kisima hubaki. Mvua za vuli zikianza, ni kuombana. Mkulima wa viazi vitamu hana duka la mbegu. Duka lake ni jirani.

Kundi la tatu nitaliita mimea ya shida ndogo: mchaichai, mndimu, tangawizi, mrehani, pilipili kichaa, mlonge, mwarobaini, mshubiri. Hakuna anayeitaka kila siku, lakini kila nyumba inaitaka siku moja, ghafla, saa ambayo duka limefungwa au hela haipo. Mti mmoja wa ndimu unatosha mtaa. Ukiwa wa kwanza kuwa nao, usishangae ukijulikana kwa jina hilo. Mimi kwa wageni wanaoelekezwa njia ni "pale kwa bibi wa ndimu," na cheo changu cha ofisini hakuna anayekikumbuka.

Maua yana mahali pake. Wazanzibari hawahitaji kuambiwa: mwenye asumini na mlangilangi uani kwake hukosa nafasi ya kupumzika kukiwa na harusi, maana vikuba vya maua hayo havijitengenezi. Sisi wa bara maua tunayapanda ya kuangaliwa, na cha kuangaliwa mtu hukiangalia akiwa barabarani akaenda zake.

Nyanya siwashauri wazee. Nazipenda, nimezilima, lakini tangu mdudu kantangaze aingie nchini mwaka 2014 nyanya imekuwa zao la kupiga dawa kila mara, na bomba la dawa lenye lita 15 mgongoni ni adui wa uti wa mgongo wa miaka 65. Halafu dawa zenyewe. Ukipiga leo huwezi kumruhusu mtoto wa jirani achume kesho, na bustani ambayo inabidi uwafukuze watoto imeshindwa kazi yake. Nyanya chungu, bamia, kisamvu, majani ya maboga vinavumilia zaidi. Mpapai nao ni mzuri, mradi upande mitatu shimo moja usubiri utoe maua kabla ya kung'oa dume, maana mstaafu wa benki jirani yangu alimwagilia mpapai dume mwaka mzima akiusifia afya yake. Alipokuja kuniuliza mbona hauzai, nilishindwa kuzuia kicheko. Akanuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja kuomba miche.

Mwembe ni jambo gumu. Unaleta watoto, watoto wanaleta mawe, mawe yanaleta bati lililotoboka. Lakini nyumba isiyo na mtoto anayerusha jiwe ina kimya chake, na nimekijua. Bati naweza kuziba.

Kuna kosa moja nililifanya mwenyewe, ambalo sikuonywa juu yake chuo chochote. Mwaka wa kwanza hapa niligawa mno. Asubuhi nafunga mafungu ya mchicha na chainizi, nawatuma wajukuu wazungushe nyumba kwa nyumba. Nilidhani natengeneza ujirani. Baada ya miezi miwili nikaona mama mmoja akiniona sokoni anageuza njia. Mwingine akaanza kunitumia mtoto na mia tano mkononi, "mama kasema ya mboga." Niliumia. Nikamlalamikia dada yangu kwenye simu, naye hana elimu ya ugani ila ana akili: "Wewe unawadai watu kila siku asubuhi, unategemea wakupende?"

Alikuwa sahihi. Kupewa bila kuombwa chochote ni deni lisilo na njia ya kulipika, na mtu mwenye haya hukimbia deni. Sisi tuliofanya kazi za kuhudumia watu (walimu, manesi, mabwana shamba) tuna ugonjwa huu: tumezoea kuwa upande wa kutoa. Kuomba kunatuvunjia heshima. Tunazeeka tukiwa wafadhili wa mtaa, na mfadhili huheshimiwa sana, ila hapigiwi hodi.

Mwezi wa kumi mwaka ule bomba likakauka siku tisa. Tangi langu liliisha siku ya nne. Matuta yalikuwa na miche ya wiki moja, na miche ya wiki moja kwenye jua la Oktoba haina subira. Nikachukua ndoo, nikaenda kwa yule yule mama aliyekuwa akigeuza njia, kwa kuwa ana kisima. Nilisimama mlangoni nikiwa nimejiandalia hotuba. Nikaishia kusema, "Mwanangu, naomba maji, bustani inakufa."

Akaniangalia mimi, akaiangalia ndoo, akacheka. "Na hiyo ndoo utaibeba mwenyewe bibi? Weka chini." Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ushee, na yeye alizibeba nne, akimwagilia mwenyewe huku akinisema kwamba matuta yangu hayana matandazo, maji yote yanakwenda na jua. Mimi, niliyewahi kuendesha semina za matandazo. Nikamwambia kweli, sikuwa na nyasi. Kesho yake alileta maganda ya mpunga kiroba kizima. Tangu siku hiyo anachuma mchicha wangu bila kuniomba, na hajawahi tena kutuma mia tano.

Kwa hiyo nikimpangia mstaafu bustani siku hizi namwambia abakize kitu kimoja asicho nacho. Usinunue kila kifaa. Uwe na jembe na keni, reki ukaazime. Uwe na ndimu, limau uombe. Kama umejaliwa vyote, jifanye huna.

Kuku wa jirani wataingia. Hilo liko nje ya uwezo wa mtu yeyote, maana kuku hasomi hati ya kiwanja, na kitalu kilichosiwa jana ndicho anachokipenda kuliko vyote. Nimeshuhudia kesi za kuku zikifika kwa mjumbe, hadi ofisi ya kata, kwa ajili ya mchicha usiofika elfu mbili. Matawi ya miiba juu ya kitalu wiki mbili za kwanza yanamaliza tatizo. Samadi ya kuku hao hao uiombe, uizike wiki kadhaa ioze kabla ya kuitumia, vinginevyo itaunguza miche.

Kuhusu mwili nitasema machache, daktari wako anakujua kuliko mimi. Kaa kwenye kigoda, usichuchumae zaidi ya dakika chache. Inua tuta kwa mawe au matofali ya mtaani lifike magotini, au tumia magunia yaliyojazwa udongo na samadi ambayo unachuma ukiwa umesimama. Mwagilia alfajiri au jioni, na kwa ndoo ndogo mbili kuliko kubwa moja. Vaa viatu. Vijidudu vya pepopunda viko kwenye udongo na samadi, na wanaume wa rika langu wengi hawakumbuki kama waliwahi kuchanjwa. Msumari mmoja wa kutu si jambo la kupaka mafuta ya taa ukanyamaza.

Wapo watakaosema yote haya ni ya mwenye kiwanja. Ni kweli, na wazee wengi wa mijini wanapanga vyumba viwili na uwanja wa pamoja. Lakini kwa kazi ninayoizungumzia, uwanja wa pamoja ni bora kuliko wangu. Ndoo tano zilizotobolewa chini, zenye mnavu na vitunguu majani, zikiwekwa pale pa kuanikia nguo, kila mpangaji atazipita mara kumi kwa siku, na kabla ya mwezi kuisha kutakuwa na ubishi kuhusu nani hakumwagilia. Mwenye ukuta wa futi nane atautafuta ubishi wa namna hiyo na hataupata.

Mwaka jana kiangazi kilikuwa kirefu na matembele yangu yote yalikufa, hadi shina la mwisho nililokuwa nalihifadhi chini ya mpapai. Mvua ya kwanza ya vuli ilipopiga, nilivuka kwa mama wa kisima. Yeye marando aliyapata kwangu miaka minane iliyopita, na kwake hayajawahi kukauka.

Akakata kwa kisu cha jikoni, vipande vya urefu wa mkono hadi kiwiko, akavipanga kwenye ndoo ya kijani, ncha zote upande mmoja. "Usiyapande leo bibi," akaniambia. "Yalaze kivulini siku mbili yaanze kutoa mizizi. Halafu uyafukie vifundo vitatu, uyainamishe. Ukiyasimamisha wima hayashiki vizuri." Nikasema sawa, mwanangu. Nikamwuliza vifundo vitatu au vinne. "Vitatu vinatosha," akasema, akanionyesha kwa kidole.

Nilipokuwa natoka akaniita. "Ndoo yangu usiisahau."

Matembele yameshatambaa hadi ukutani. Ndoo ya kijani bado iko hapa mlangoni kwangu, mwezi wa tatu sasa, na ameshaniuliza mara mbili. Siwezi kuirudisha tupu. Nasubiri bamia.